Kufuli Hutolewa, Ufunguo Hubaki

Muhula uliopita, jioni moja, mwalimu msaidizi wetu katika kituo cha Bwera alifanya jambo ambalo sisi wenyewe tulimwomba alifanye. Tulikuwa tunahakiki orodha ya watu wanaoruhusiwa kuingia katika ghala la kazi za Idara, na tukawaandikia wote ujumbe mfupi: "Tafadhali tutumieni ufunguo wenu tuulinganishe na ule tulio nao." Naye akautuma. Aliutuma katika kundi la WhatsApp la kituo, lenye walimu na wanafunzi pamoja, kwa kuwa huko ndiko tulikozoea kuulizana mambo ya kazi. Ilipita muda wa saa mbili hivi kabla mmoja wetu hapa Kasese hajafungua simu yake na kuona kwamba faili iliyotumwa ni ile isiyofaa kuonwa na mtu mwingine yeyote. Ufunguo ule ulifungua ghala ambalo ndani yake mlikuwamo mazoezi ya darasani, orodha ya istilahi, pamoja na rasimu ya mtihani wa mwisho wa muhula.

Hatukuona dalili kwamba kuna aliyeutumia. Hata hivyo hatukuweza kukalia matumaini. Tuliuondoa ufunguo huo usiku uleule, na siku zilizofuata tukatunga mtihani upya, swali kwa swali. Tulipokaa kulijadili jambo hili, tulikubaliana kwamba kosa halikuwa la mwenzetu wa Bwera. Kosa lilikuwa letu, na chanzo chake kilikuwa neno. Kwa hiyo tumeona vema tueleze katika kurasa hizi jinsi funguo za SSH zinavyofanya kazi, jinsi mwalimu anavyozitengeneza, na jinsi ya kuipa kompyuta inayotuundia vitabu ufunguo wake yenyewe. Msomaji asiyewahi kuandika amri hata moja katika kompyuta asiogope. Tutakwenda polepole.

1. Jinsi kazi zetu zinavyosafiri

Wengi wenu mnakumbuka hali ilivyokuwa. Kitabu cha mazoezi kiliandikwa na watu sita, wanne wakiwa Kasese na wawili Bwera. Kila mmoja alituma sura yake kwa barua-pepe, na faili zikaitwa "mwisho", "mwisho kabisa" na "mwisho kabisa 2". Mtu aliyetaka kujua ni toleo lipi lenye masahihisho ya ngeli alilazimika kupiga simu. Mara nyingine mtu alibeba kazi katika flashi akapanda teksi, akapita Kikorongo hadi Bwera, akakuta kwamba alibeba toleo la juzi.

Ndipo tukaanza kutumia Git. Hii ni programu ya kudhibiti matoleo: hutunza kila badiliko lililofanywa, nani alilifanya, lini, na kwa sababu gani. Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005, mwaka uleule ambao marekebisho ya Katiba ya Uganda yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya nchi hii. Uzuri wake kwetu ni kwamba kila aliye na nakala ya ghala ana historia nzima ya kazi. Sisi tunaoishi chini ya Rwenzori tunajua thamani ya jambo hilo. Mto Nyamwamba ulipofurika mwezi Mei 2013, na tena Mei 2020, maji yalibomoa majengo na kuchukua mali za watu. Kazi iliyomo katika kompyuta moja na ofisi moja ni kazi iliyo hatarini.

Ghala letu kuu tumeliweka kwenye huduma ya GitHub, likiwa la faragha. Walimu wa Bwera huvuta mabadiliko kutoka huko na kusukuma ya kwao kwa intaneti ya simu. Hapa Kasese tuna kompyuta ya zamani ya mezani, yenye mfumo wa Debian, ambayo tumeipa kazi moja tu: kila usiku ivute mabadiliko ya siku, iyaunganishe, na kutoa kitabu kizima katika faili ya PDF iliyo tayari kuchapwa. Wataalamu huita kompyuta ya namna hii seva ya kuunda. Kompyuta hii haina mtu wa kuketi mbele yake saa nane za usiku ili aiandikie neno la siri, na hapo ndipo suala la funguo linapoanza.

2. Kwa nini neno la siri halitoshi

Neno la siri lina udhaifu mmoja mkubwa: ili uthibitishe kwamba unalijua, huna budi kulisema. Unalisema kwa seva ya mbali, unalisema kupitia kompyuta ya duka la kopi na uchapaji uliloingia kwa haraka, na ukilisema mara moja mahali pabaya limekwisha kuwa la wengi. Mwaka 1995 mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, nchini Finland, ulivamiwa na watu walionasa maneno ya siri yaliyokuwa yakipita wazi. Mtafiti mmoja wa hapo, Tatu Ylönen, akaandika SSH ili mazungumzo kati ya kompyuta mbili yafumbwe, asiweze kuyasoma mpita njia. Mwaka 1999 watu wa mradi wa OpenBSD wakatoa OpenSSH, programu huria ambayo leo imo katika kompyuta nyingi.

SSH inakubali maneno ya siri, lakini inakubali pia njia nyingine iliyo bora, yaani jozi ya funguo. GitHub yenyewe iliacha kupokea maneno ya siri ya akaunti kwa kazi za Git tarehe 13 Agosti 2021. Tangu siku hiyo anayetaka kuvuta au kusukuma kazi hutumia ama tokeni, ama funguo za SSH. Sisi tulichagua funguo.

3. Neno lililotuponza

Katika mafunzo yetu ya kwanza tulieleza kwamba kila mtu atakuwa na "ufunguo wa umma" na "ufunguo wa faragha". Hii ni tafsiri sisisi, nayo imezoeleka. Tatizo ni kwamba mtu akisikia funguo mbili huona vitu viwili vya aina moja, kama funguo mbili za mlango mmoja. Ukimwambia atume "ufunguo wake", atatuma ule anaouona kuwa ndio wake hasa. Hivyo ndivyo mwenzetu alivyofikiri, na fikra yake ilikuwa sahihi kisarufi.

Tutazame neno lenyewe. Kitenzi ni funga. Tukikitia katika kauli ya kutendua tunapata fungua, na kutokana na fungua tunapata nomino ufunguo. Kazi ya ufunguo imo ndani ya umbo lake: ni kitu cha kutendua ufungaji. Je, ule unaoitwa "ufunguo wa umma" unafungua kitu? Katika kazi yetu hii haufungui chochote. Huwekwa mlangoni na kungoja. Kitu kinachowekwa mlangoni na kungoja ufunguo wake, Waswahili wana jina lake tayari: ni kufuli. Neno hili tulilipata kutoka Kiarabu, na hata majirani zetu wanaosema Luganda wanalo kwa umbo la kkufulu. Hakuna mwanafunzi wa Kasese wala Bwera asiyejua tofauti ya kufuli na ufunguo.

Basi tuseme hivi. Kompyuta yako inakutengenezea kufuli na ufunguo wake. Kufuli unaweza kuwagawia watu wote. Ukimpa jirani kufuli lako alitie mlangoni mwake, hujampa uwezo wa kuingia kwako. Umejipatia wewe uwezo wa kuingia kwake, kwa idhini yake. Ufunguo humpi mtu. Kufuli hutolewa, ufunguo hubaki.

Mfano huu una mpaka wake, nasi tusiufiche. Ufunguo wa chuma huingizwa ndani ya kufuli, lakini ufunguo wa SSH hauendi popote. Unapobisha hodi, kompyuta yako huchukua maelezo ya mazungumzo ya wakati ule na kuyatia saini kwa ufunguo. Seva huipima saini hiyo kwa kufuli ililo nalo, na ikikubaliana mlango hufunguka. Ni kama mtu anayefungua kufuli mbele ya watu huku mikono yake imefunikwa kwa shuka. Wote wanaona limefunguka, lakini ufunguo hawakuuona. Saini ya leo haifai kesho, kwa kuwa mazungumzo ya kesho ni mengine. Msingi wa mambo haya ni wazo walilolichapisha Whitfield Diffie na Martin Hellman mwaka 1976.

Jambo jingine la kukumbuka: mwenye ufunguo anaweza kutengeneza tena kufuli lililopotea, lakini mwenye kufuli hawezi kutengeneza ufunguo. Hesabu iliyotumika ni rahisi kwenda mbele, na kwa kompyuta tulizo nazo haiwezekani kuirudisha nyuma. Ndiyo maana hatuna hofu kufuli likibandikwa hata kwenye ubao wa matangazo.

4. Hatua kwa mwalimu au mwanafunzi

Hatua ya kwanza. Fungua dirisha la amri. Wenye Windows watumie Git Bash, ambayo huja pamoja na Git. Andika:

ssh-keygen -t ed25519 -C "mwalimu-bwera-kompyuta-ndogo"

Ed25519 ni jina la aina ya ufunguo. Imo katika OpenSSH tangu mwaka 2014, ni fupi, ni imara, na haichukui muda kutengenezwa. Maneno yaliyo ndani ya alama za kunukuu ni lebo tu. Andika lebo itakayokukumbusha ni kompyuta gani, kwa maana baada ya mwaka mmoja utakuwa na makufuli matatu na hutajua lipi ni la wapi.

Hatua ya pili. Kompyuta itauliza mahali pa kuhifadhi. Bonyeza Enter. Kisha itaomba kirai cha siri. Tunasema kirai wala si neno, na wanasarufi watatuelewa: kinachotakiwa ni fungu la maneno kadhaa ambalo wewe utalikumbuka na mwingine hatalibahatisha. Kirai hiki huufunga ufunguo wenyewe ndani ya kompyuta yako, nacho hakisafiri kwenda kwa seva. Mwenzetu wa Bwera alibonyeza Enter mara mbili akakiacha kitupu, kama wengi wetu tulivyofanya. Laiti kungekuwa na kirai kizuri, faili iliyovuja ingekuwa sanduku lililofungwa, nasi tungepata nafasi ya kupumua kidogo.

Hatua ya tatu. Sasa unazo faili mbili katika folda iitwayo .ssh. Moja inaitwa id_ed25519, na nyingine id_ed25519.pub. Hapa pana hatari, kwa sababu ile yenye jina fupi na safi ndiyo ufunguo, na ile yenye mkia wa .pub ndiyo kufuli. Zishike hivi: yenye mkia hutoka nje, isiyo na mkia hukaa ndani. Kama bado una shaka, soma mwanzo wa faili. Kufuli ni mstari mmoja unaoanza kwa ssh-ed25519. Ufunguo una mistari kadhaa, na mstari wa kwanza una maneno PRIVATE KEY. Ukiona maneno hayo, usinakili, usitume, usipige hata picha.

Hatua ya nne. Onyesha kufuli kwenye kioo kwa amri ifuatayo, ulinakili, na ulibandike katika akaunti yako ya GitHub, ukurasa wa mipangilio, sehemu iitwayo SSH and GPG keys:

cat ~/.ssh/id_ed25519.pub

Hatua ya tano. Jaribu:

ssh -T git@github.com

Ukisalimiwa kwa jina la akaunti yako, umefaulu. Mitandao mingine huziba mlango namba 22 unaotumiwa na SSH, na amri hii itangoja bila jibu. Katika hali hiyo unaweza kupitia ssh.github.com kwa mlango namba 443, ambao kwa kawaida huwa wazi kwa sababu ndio unaopitisha tovuti.

Anayechoka kuandika kirai kila mara atumie ssh-agent, msaidizi anayekumbuka ufunguo uliofunguliwa mpaka kompyuta izimwe. Tahadhari moja: msitumie funguo zenu katika kompyuta za watu wengi, na msiazimane. Kila mtu awe na wake, na kila kompyuta iwe na wake. Wahenga walikwisha kutuonya tusisafirie nyota ya mwenzetu.

5. Ufunguo wa kompyuta isiyo na mtu

Sasa turudi kwa ile kompyuta ya mezani hapa Kasese. Hapo mwanzo tulifanya njia ya mkato: tuliipa ufunguo wa mmoja wetu. Ilifanya kazi, lakini ilikuwa vibaya kwa sababu mbili. Kwanza, ufunguo wa mtu hufungua kila ghala analoruhusiwa mtu huyo, na huweza kubadilisha pia, ilhali kompyuta ile inahitaji kusoma ghala moja tu. Pili, mtu huyo akihama Idara na akaunti yake ikaondolewa, kitabu kinaacha kuundwa na hakuna anayejua sababu.

Njia iliyo sawa ni kuipa kompyuta ufunguo wake yenyewe. GitHub ina sehemu ya makufuli yanayotundikwa kwenye ghala moja badala ya akaunti ya mtu. Utaipata ndani ya mipangilio ya ghala, nayo huitwa Deploy keys. Kufuli la namna hii huruhusu kusoma tu, isipokuwa wewe uweke alama ya kuruhusu kuandika. Usiiweke. Ukipewa shubiri usichukue pima. Na kufuli moja haliwezi kutundikwa kwenye maghala mawili, kwa hiyo kila ghala litahitaji jozi yake.

Kompyuta yetu ina mtumiaji maalumu tuliyempa jina mjenzi, ambaye kazi za usiku huendeshwa kwa jina lake. Hapa ndipo wengi hukwama. Mtu huingia kwa jina lake, hutengeneza ufunguo, hujaribu, na kila kitu kinakwenda vizuri. Usiku kazi inashindwa na kuandika kwamba ruhusa imekataliwa. Sababu ni kwamba ufunguo uko nyumbani kwa yule mtu, na mjenzi hauoni. Basi kwanza tuwe mjenzi, kisha tutengeneze:

sudo -iu mjenzi
ssh-keygen -t ed25519 -C "seva-ya-kuunda-kasese"

Safari hii kirai cha siri tunakiacha kitupu, kwa kuwa saa nane za usiku hakuna wa kukiandika. Msomaji atauliza: je, hatujarudia kosa lilelile? Ni swali zuri. Ufunguo usio na kirai ni dhaifu zaidi, na ndiyo maana tunapunguza kile unachoweza kufanya: unasoma tu, unasoma ghala moja tu, na unakaa katika kompyuta iliyofungiwa ofisini. Tunahakikisha pia kwamba hakuna mtumiaji mwingine wa kompyuta hiyo anayeweza kuusoma:

chmod 700 ~/.ssh
chmod 600 ~/.ssh/id_ed25519

SSH yenyewe hukataa kutumia ufunguo unaosomeka na watumiaji wengine, kwa hiyo amri hizi si mapambo.

Tukishabandika kufuli kwenye ghala, tunajaribu kwa ssh -T kama hapo juu, tukiwa bado ni mjenzi. Sikilizeni salamu kwa makini. Ikiwa inataja jina la ghala, ufunguo uliotumika ni wa kompyuta. Ikiwa inataja jina la mtu, kuna ufunguo wa mtu uliosahauliwa humo, nao uondolewe. Kisha tunalivuta ghala mara ya kwanza kwa kutumia anwani ya SSH:

git clone git@github.com:JINA-LA-AKAUNTI/mazoezi.git

Mwisho tunaipangia kompyuta ratiba kwa crontab:

0 2 * * * cd /home/mjenzi/mazoezi && git pull --ff-only && make

Namba 2 hapa ni saa nane za usiku kwa hesabu yetu. Mwanafunzi mmoja aliyeandika 8 alishangaa kukuta kitabu kikiundwa saa mbili za asubuhi. Sehemu ya git pull --ff-only huiambia kompyuta ipokee mabadiliko kama yalivyo, na isijaribu kupatanisha matoleo yanayopingana. Kazi hiyo ni ya watu. Amri ya make nayo hufuata maagizo tuliyoyaandika ya kutengeneza PDF.

6. Seva nayo ijitambulishe

Mpaka sasa tumezungumza juu ya seva kututambua sisi. Lakini anayevuka mpaka pale Mpondwe kwenda Kasindi anajua kwamba utambulisho una pande mbili. Ofisa anataka kuona hati zako, nawe unataka uhakika kwamba anayekudai hati ni ofisa kweli wala si tapeli aliyesimama njiani. SSH hufanya vivyo hivyo. Mara ya kwanza unapoifikia seva, kompyuta inakuonyesha alama ya kidole ya seva hiyo, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu, na kuuliza kama unaikubali. Watu wengi huandika yes bila kusoma. Msifanye hivyo. GitHub huchapisha alama zake katika kurasa zake rasmi za msaada. Linganisheni, kisha ndipo mkubali. Kompyuta itaihifadhi katika faili ya known_hosts, na tangu hapo italinganisha yenyewe.

Hatua hii ifanyike kwa mkono, mara moja, mkiwa mjenzi. Kama haijafanyika, kazi ya usiku itasimama, kwa maana swali limeulizwa na hakuna wa kulijibu. Kuna wanaoshauri kuuzima ukaguzi huu ili usisumbue. Huo ni sawa na kumfukuza mlinzi kwa sababu anauliza majina.

Tarehe 24 Machi 2023 watumiaji wengi wa GitHub walipata onyo kali kwamba alama ya seva imebadilika. Safari hiyo sababu ilikuwa njema: GitHub iligundua kwamba ufunguo wa RSA wa seva yake ulikuwa umeonekana kwa muda mfupi katika ghala la wazi, ikaubadilisha mara moja na kutangaza. Aina nyingine za funguo zake, ikiwamo Ed25519, hazikuguswa. Sisi tulijifunza mambo mawili. La kwanza, onyo hilo lisipuuzwe, bali litafutiwe maelezo rasmi. La pili ni faraja kidogo: kosa lililotupata Bwera liliwahi kuwapata hata wenye huduma yenyewe. Nao walifanya lile lile linalopaswa kufanywa. Hawakungoja kuona kama kuna mtu aliyeuchukua.

7. Ufunguo ukivuja

Tumekubaliana juu ya taratibu zifuatazo, na tunaomba kila mmoja azifuate.

(a) Ufunguo ukionwa na mtu mwingine, kompyuta ikiibwa, au flashi ikipotea, toa taarifa saa ileile. Hatutamgombeza mtu. Anayechelewa kusema kwa kuogopa lawama ndiye anayetuletea hasara.

(b) Liondoe kufuli kwanza, kabla ya jambo jingine lolote. Likiondolewa GitHub, ufunguo uliovuja unakuwa kipande cha chuma kisicho na mlango. Kisha tengeneza jozi mpya.

(c) Kufuta ujumbe wa WhatsApp hakutoshi, kwa maana waliokwisha kuupakua wanao. Vilevile, ufunguo uliowekwa ndani ya Git kwa bahati mbaya hautoki kwa kufuta faili, kwa sababu historia inautunza. Ufunguo wa namna hiyo uhesabiwe kuwa umekufa.

(d) Mwanzoni mwa kila muhula tunapitia orodha ya makufuli. Lisilo na lebo inayoeleweka, au ambalo mwenyewe ameondoka, linaondolewa.

(e) Mitihani haitakaa tena katika ghala moja na mazoezi. Sasa ina ghala lake, wanaoingia humo ni watatu tu, na kompyuta ya kuunda haina ruhusa nalo. Hili tungelifanya mapema, tusingetunga mtihani mara mbili.

8. Hitimisho

Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kupendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu wataandaliwa kwa vitabu vinavyotungwa na kusahihishwa, na kazi ya aina hiyo itapita katika kompyuta, iwe Kampala au Bwera. Wanafunzi wetu watakaoshika kazi hizo watahitaji kuzilinda, nao watajifunza namna ya kuzilinda kwa maneno tutakayowapa sisi.

Kwa hiyo tumebadilisha maelezo yetu ya mafunzo. Pale tulipokuwa tukiandika "ufunguo wa umma" sasa tunaandika kufuli. Tunaeleza pembeni kwamba msomaji atakutana na jina lile la kwanza katika vitabu vingine, ili asipotee. Na ujumbe wetu wa kuhakiki tumeuandika upya: "Tafadhali tutumieni kufuli lenu, faili yenye mkia wa .pub." Tuliutuma kwa wote mwanzoni mwa muhula huu, na wa kwanza kujibu alikuwa yule mwenzetu wa Bwera. Alituma mstari mmoja, ukianza kwa ssh-ed25519.